Dada yangu anapika udi, anatakiwa kutolewa uvimbe kichwani kupitia puani. Atasikia harufu tena?

BintiMakorora

Habarini wakuu, shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Naombeni msaada hasa kwa waliopitia hili jambo au wenye ndugu aliyepitia, na madaktari pia kama mpo. Dada yangu mkubwa ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo nyuma kabisa ya pua. Ilianza kichwa kuuma tukasema presha, afu akaanza kugonga miimo ya milango, bodaboda ikitokea ubavuni haioni mpaka iko mbele yake, majirani wakaanza kusema siku hizi ana maringo hasalimii kumbe masikini hawaoni. Daktari wa macho ndo aliyeshtuka, alimpima akakuta pembeni kote kulia na kushoto kumefungwa anaona katikati tu, akasema hili sio la miwani mkapige MRI. Uvimbe una sentimita 2 na nusu, umepanda juu unabana mishipa ya macho. Vipimo vya homoni vimesema sio ile aina inayosinyaa kwa vidonge kwa hiyo ni upasuaji tu, tumepewa rufaa Dar na huko wamesema wataingia puani na kamera, hawapasui fuvu.

Sasa shida iko hapa. Dada anapika udi, ndo kazi yake toka alipoachika na watoto wake wawili wamesoma kwa udi huo huo. Kwa wasiojua, udi wa kupika sio kununua marashi na kumwagia. Ukishachemsha sukari ikawa shira unayo muda mdogo sana kabla haijaungua, na anayekwambia sasa teremsha sasa tia udi ni pua, miski iingie kiasi gani, sandali ikizidi inameza vyote, marashi ya mawaridi ukiyatia jikoni moto ungali mkali yanapotea. Yeye hapimi kwa kijiko, ananusa. Maharusi wanaweka oda kuanzia hapa Tanga mpaka Mombasa.

Siku ya kliniki kakaa benchi moja na mgonjwa mwenzie, yule mama akamwambia mimi toka nifanyiwe sisikii harufu yoyote, hata choo. Basi imekuwa hiyo. Dada amegoma kusaini fomu, anasema bora nipofuke taratibu nikiwa na kazi yangu kuliko nione na sina cha kufanya. Mama analia, kaka anafoka, mimi nimebaki katikati. Naomba kujua ni kweli operesheni hii inaua harufu? Inarudi? Na hivi hawawezi kupasua fuvu kwa juu ili pua isiguswe kabisa?

Njoro254

Pole sana kwa dadako, na pole kwa nyinyi nyote. Mimi nilifanyiwa hiyo hiyo hapa Nairobi, ya pituitari kwa njia ya pua, ila yangu ilikuwa ile inayomwaga homoni ya ukuaji, mikono inanenepa, pete ya ndoa ilibidi ikatwe, viatu napandisha saizi na mimi ni mtu mzima nishamaliza kukua kitambo.

Nitakwambia ukweli ili naye umwambie. Mwanzoni hutasikia harufu yoyote na asikufiche mtu hilo. Ukiamka kwa nusukaputi pua imezibwa, unapumua kwa mdomo usiku mzima koo linakauka mpaka linauma kuliko hata kidonda chenyewe. Wakitoa vile vizibo bado ndani kumevimba, kuna damu iliyoganda na makamasi yaliyokauka yakawa magaga, hewa haipandi juu na harufu nayo haipandi. Kilichonimaliza mimi ni chakula. Ulimi unajua chumvi, unajua sukari, ndimu na uchungu, pilipili inawasha vile vile, lakini ugali na chapati na wali mdomoni ni kitu kimoja. Mke wangu alikuwa anaweka dania nyingi kwa mchuzi akidhani atanisaidia, mimi najua tu ni ya moto na ina chumvi, basi. Nilikonda nikaogopesha watu.

Kitu cha kwanza kilichobadilisha hali ni kuoshwa pua kliniki. Wanaingiza kamera nyembamba na kamrija ka kunyonya, wanatoa magaga moja moja, haiumi sana ila machozi yanatiririka yenyewe. Siku hiyo nilihisi hewa baridi ikipita mpaka juu. Harufu haikuja hiyo siku, ilikuja kidogo kidogo na ilianza na vitu vikali, spiriti ya kupaka, mafuta ya taa, kitunguu kwa sufuria. Kuna kipindi kahawa ilikuwa inanuka uozo na kuungua pamoja nikaacha kuinywa kabisa, nikadhani ndio nimeharibika, daktari akasema hapana hiyo mara nyingi ni dalili mishipa inajiunga upya na kweli ikanyooka. Leo nikifumba macho ukanipa chai ya tangawizi na ya iliki nakutajia ni gani. Sioni tofauti na zamani.

Kitu kimoja tu, mimi pale juu waliziba kwa mafuta waliyokata tumboni, nina kovu dogo chini ya kitovu. Hawakuchukua ile ngozi ya ndani ya pua. Nasikia hiyo ndiyo inaleta tofauti, wataalamu wa humu watanyoosha.

Tabibu_Pua

Binti pole. Mimi ni mtu wa idara ya pua, koo na masikio, sitampa dadako ushauri wa kesi yake maana sijaona picha zake ila naweza kukueleza kinachotokea ndani ili mkienda kliniki muulize kitu mnachokijua.

Watu wengi wanadhani pua nzima inanusa. Sio hivyo. Sehemu inayonusa ni ndogo na iko juu kabisa, kwenye paa la pua, ikishuka kidogo kwenye ukuta wa kati unaotenganisha tundu mbili na kidogo kwenye vile vikunjo vya nyama vya juu pembeni. Hapo paani kuna mfupa mwembamba wenye vitundu vitundu kama chekeche, na nyuzi za mshipa wa kunusa zinapita kwenye vitundu hivyo kuingia kwenye ubongo. Tezi ya pituitari haiko hapo. Iko nyuma zaidi na chini zaidi, imekaa kwenye kikalio chake cha mfupa, na mbele yake kuna chemba ya hewa inayoitwa sinasi ya sfenoidi. Kwa operesheni ya kawaida ya pituitari daktari anapita katikati ya pua kwenda nyuma, anavisukuma vile vikunjo pembeni, anapanua mlango wa ile sinasi, anatoboa mfupa mwembamba na kufika kwenye uvimbe. Maana yake ni kwamba anapita chini ya eneo la kunusa, sio ndani yake. Ndo maana wagonjwa wengi wa aina hii harufu inapotea au kupungua wiki za mwanzo kwa ajili ya pua kuvimba ndani na magaga kama alivyosema Njoro hapo juu, halafu kufikia mwezi wa 3 tangu operesheni wengi wanakuwa wamerudi au wanakaribia kurudi walipokuwa, wengine wanachelewa mpaka miezi 6 hata mwaka. Wapo wanaobaki na upungufu wa kudumu, sitasema hawapo, lakini sio hali ya wengi.

Sasa inaharibikaje. Ya kwanza ni pale daktari anapolazimika kukata kikunjo cha juu au cha kati ili apate nafasi, au akichoma na umeme kuzuia damu huko juu karibu na paa, ule moto unaua utando. Ya pili ni hiyo ngozi aliyoitaja Njoro. Wakati wa kutoa uvimbe inaweza kutokea pazia linalozuia maji ya ubongo likachanika, maji yakaanza kushuka puani. Lazima pazibwe maana njia ya maji kutoka ndiyo hiyo hiyo njia ya vijidudu kuingia, unapata homa ya uti wa mgongo. Kama tundu ni dogo wanaziba kwa mafuta ya tumboni na gundi maalumu. Kama ni kubwa wanachukua kipande kirefu cha utando kutoka ukuta wa kati wa pua, hawakikati chote, wanakiacha kimeshikamana na mshipa wake wa damu kwa nyuma, wanakigeuza na kukilaza juu ya tundu kinaota hapo. Mbinu hii ilitangazwa mwaka 2006 na madaktari wa Argentina, Hadad na Bassagasteguy, wakishirikiana na wenzao wa Pittsburgh kule Marekani, na imeokoa watu wengi sana. Kwenye operesheni kubwa za sakafu ya fuvu kabla ya hapo zaidi ya wagonjwa 20 kwa 100 walikuwa wanavuja maji ya ubongo baadaye, ikashuka mpaka kama 5. Kwa hiyo msiende kliniki mkasema hatutaki kipande hicho. Siku kikihitajika kinahitajika.

Mnachoweza kuuliza ni kinakatwa wapi. Utando wa kunusa unashuka kwenye ukuta wa kati kutoka juu, kwa hiyo daktari anayejali harufu anaanza kukata chini yake, anaacha ukanda wa juu kama sentimita 1 hadi 1 na nusu bila kuugusa, na wengi wanapendelea kisu cha kawaida kuliko cha umeme kwenye mpaka wa juu. Tafiti za kipande hiki na harufu hazikubaliani, nyingine zimeona wanaokatwa wananusa pungufu, nyingine zimeona baada ya miezi 6 wanalingana na wenzao, na mimi naamini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni namna kilivyokatwa.

Kuhusu kupasua fuvu ili kuokoa pua, hapana, na hili naomba dada alielewe vizuri. Ukiingia kwa mbele juu ya jicho unalazimika kuunyanyua ubongo kidogo, na zile nyuzi za kunusa ni laini mno, zimekaa chini ya ubongo pale pale, zinaweza kuchanika wakati wa kunyanyua na hizo zikikatika pale mara nyingi harufu hairudi. Fuvu likipasuliwa harufu haijawa salama, na umeongeza hatari nyingine juu yake.

La mwisho ni macho. Mshipa wa macho ukibanwa muda mrefu unakufa. Ukitolewa mzigo mapema wengi wanaona tofauti haraka sana, ukichelewa kilichokufa kimekufa. Hili halina mjadala kwangu.

Mganga_wa_Lushoto

Dada msimkimbilie kisu. Mafuta ya habat soda tone mbili kila tundu la pua asubuhi na jioni na afukize ubani, uvimbe wa kichwani unatoka wenyewe kama makamasi. Nimeona kwa macho yangu.

Tabibu_Pua

Mzee wangu kwa heshima zote, hapana. Kinachotoka kwa makamasi ni cha puani, uvimbe huu uko nyuma ya mfupa na hauna mlango wa kutokea. Na Binti, hata baada ya operesheni asitie kitu chochote puani ambacho daktari wake hajasema, sio habat soda, sio mafuta ya kondoo, sio maji ya zamzam, mpaka pawe pamepona. Nawajua ndugu wanavyokuja wodini na vichupa kwa mapenzi mema kabisa.

BintiMakorora

Jamani asanteni, Tabibu Mungu akuzidishie. Nimemsomea dada yote, la kupasua fuvu lilimgusa kweli maana huko ndiko alikokuwa ameweka tumaini lake. Lakini bado anauliza, yule mama wa kwenye benchi mbona yeye hajarudi? Na yeye alipita puani vile vile.

MwanaMvita

Salaam. Huenda yule mama hakuwa na ugonjwa wa dada yako, nakwambia haya kwa sababu ya mamangu.

Mamangu hapa Mombasa naye alifanyiwa kwa pua lakini uvimbe wake haukuwa wa pituitari. Ulikuwa wa ule utando unaofunika ubongo na ulikuwa umekaa juu ya hilo paa analosema Tabibu, juu ya mishipa yenyewe ya kunusa. Sasa huo kuufikia kwa pua ni kupitia kwenye mfupa ule ule wa vitundu, unatolewa pamoja na mishipa. Na kusema kweli yeye alikuwa ameshaanza kupoteza harufu miaka nyuma na sisi hatukujua, tulikuwa tunamcheka anatia iliki nyingi mahamri, kumbe haisikii. Madaktari walitwambia mapema kabisa kwamba harufu haitorudi, na haijarudi. Yeye na mgonjwa wa pituitari, wote wawili ukiwauliza watakwambia nilifanyiwa kwa pua, lakini hawajaguswa mahali pamoja. Kwa hivyo mtu akikuhadithia mwulize kwanza uvimbe wake ulikuwa wapi.

Na kwa kuwa dada yako naye atakaa muda bila harufu hata kama ni wa kurudi, nawapa tulichojifunza. Gesi ya kupikia ndiyo ya kwanza. Ile harufu unayosikia si ya gesi, gesi yenyewe haina harufu, inatiwa ili watu washtuke ikivuja, na asiyenusa hashtuki. Tulinunua kile kifaa cha kulia kengele na fundi akataka kukiweka juu ya mlango nikamkatalia, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inatambaa chini, kikae karibu na sakafu hatua chache kutoka mtungini. Mtungi kwetu sasa uko nje ya dirisha. Maziwa na samaki tunaandika siku kwa kalamu, mama haamini tena jicho lake peke yake maana samaki anaweza kuonekana mzuri na ameshaharibika. Na mwambieni asikae na aibu ya jasho, mamangu alikuwa anaoga mara nyingi mno kwa hofu kwamba ananuka na hajui, mpaka shangazi akamwambia mimi ndiye nitakayekwambia, wewe tulia. Ilimtua mzigo.

Ustadh_Chumbageni

Assalaam alaykum. Naongeza dogo ambalo wengi hawaulizi hospitali na madaktari wasio Waislamu hawalijui wakatutahadharisha.

Baada ya operesheni hii mgonjwa anakatazwa kupenga kamasi, kuvuta kitu kwa nguvu puani, kuinamisha kichwa chini na kunyanyua vizito, ili pale palipozibwa pasifumuke. Sasa sisi mara tano kwa siku tunapandisha maji puani na kusujudu. Ndugu yangu mmoja alifanyiwa akarudi nyumbani na akatawadha kama kawaida yake, bahati nzuri mwanawe alimuwahi. Basi dada ajue, kupandisha maji puani kwenye udhu kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sunna, si nguzo, udhu unatimia bila hilo na mgonjwa hana lawama yoyote. Na kusujudu aswali akiwa amekaa kwenye kiti kwa kuashiria kichwa kidogo tu. Amwulize daktari lini anaruhusiwa kurudi, asijikadirie mwenyewe kwa sababu anajisikia mzima. Chafya ikija aiachie kwa mdomo wazi, asiibane.

KarafuuYaMtambwe

Mimi niko Pemba, ni muuguzi na pia nimezaliwa kwenye karafuu kwa hiyo hii mada imenigusa mara mbili. Mmeongelea operesheni vizuri, mimi nataka niongelee kabla na baada.

Kabla. Dada apimwe harufu sasa hivi, kabla hajaguswa. Kuna vipimo rasmi, Wamarekani wana kile cha vijitabu vya kukwangua chenye harufu 40 na Wajerumani wana kalamu za kunusa, lakini kwetu huku si kila mahali utavipata, hivyo mfanyieni wenyewe nyumbani na ana chupa zote. Afumbwe macho, tundu moja la pua lizibwe kwa kidole, mnamsogezea chupa anataja, mnaandika, halafu tundu la pili. Miski, sandali, waridi, asmini, kahawa, sabuni, vyovyote. Andikeni na alama, kali kiasi gani kwa kumi. Bila karatasi hiyo baada ya miezi mitatu mtabishana, yeye atasema imepungua, nyie mtasema imerudi, na daktari hatakuwa na cha kulinganisha. Isitoshe uvimbe na umri na mafua ya zamani vinaweza kuwa vimeshapunguza kitu na hajui, korona pia iliwaachia watu wengi pua butu.

Na ashike mzani. Hili ndilo naliona kubwa kwa mtu wa kazi yake. Anasema hapimi kwa kijiko, sawa, lakini apike mapishi yake makubwa mara ya mwisho mwisho huku mmoja wenu amekaa pembeni anapima kila kinachoingia, gramu ngapi za sukari, udi kiasi gani, mililita ngapi za kila marashi, shira ilikuwa na rangi gani alipoteremsha, yaani mpige na video. Binti wake mkubwa asimame jikoni ajifunze. Oda za miezi hiyo zitatoka kwa mzani na pua ya mtoto, na dada atakuwa anaelekeza. Hofu yake si ya pua peke yake, ni ya kazi, kwa hiyo ipeni jibu na hiyo kazi.

Baada. Moshi aukae mbali. Utando wa pua unaopona haupendi moshi wa udi wala wa kuni wala sigara ya mtu mwingine, magaga yanazidi. Maji ya chumvi ya kuosha pua ataanza siku daktari akisema, maji yachemshwe yapoe, sio ya bomba moja kwa moja, kijiko kidogo cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa nusu lita, anasafisha chupa yake kila mara. Halafu akishapewa ruhusa aanze mazoezi ya kunusa. Hii ilianza kwa profesa Thomas Hummel wa Dresden kule Ujerumani, mwaka 2009 alitoa utafiti, watu waliopoteza harufu kwa virusi au kuumia kichwa walinusa vitu vinne, waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, kila kimoja kama sekunde 10, kwa wiki 12, na waliofanya walipata nafuu kuliko wasiofanya. Baadaye madaktari wengi wakaanza kuwapa na wagonjwa wa upasuaji wa pua maana hayana madhara. Seli za kunusa zina sifa ambayo mishipa mingi ya fahamu haina, zinazaliwa upya maisha yote, na mazoezi ni kuzichokoza. Anuse kwa upole, asivute kwa nguvu, na akili iwe pale, akinusa karafuu akumbuke karafuu, asinuse huku anaangalia simu. Siku za kwanza hatasikia kitu na atataka kuacha, hapo ndo mumshike mkono.

Mtu anayenusa kwa kazi ana mtaji mkubwa hapo. Pua yake imezoezwa miaka, anazo kumbukumbu za harufu ambazo mimi na wewe hatuna.

BintiMakorora

Wakuu nimerudi, samahani nilikaa kimya tulikuwa Dar.

Dada alienda na maswali yake ameyaandika kwenye daftari la oda. Daktari wa upasuaji alikuwa na mwenzie wa pua, wakakaa nasi muda mrefu kuliko siku zote, wakatuonyesha kwenye picha uvimbe uko wapi na paa la pua liko wapi, na kwa kweli kuna nafasi kati yao, hata mimi niliiona. Wakasema hawategemei kukata kile kipande cha utando, ila watakuwa tayari nacho, na kikihitajika watauacha ukanda wa juu. Dada akawauliza mtatumia kisu au umeme, yule wa pua akageuka akamwangalia akasema mama umesomea wapi haya. Wamemwambia wazi hawawezi kumwahidi asilimia mia. Akasema sawa, nilichokuwa nataka ni kuambiwa ukweli. Kasaini.

Na yule mama wa benchi tulimkuta tena, MwanaMvita ulisema kweli, wake ulikuwa wa mbele kabisa juu ya pua, sio wa pituitari. Wamepeana namba za simu.

Sasa hivi nyumbani ni mzani na video, binti yake ameshaunguza shira sufuria mbili na dada anamfokea kuliko alivyowahi kufoka toka aanze kuumwa, tumefurahi kusikia. Kipimo cha chupa tumefanya, tundu la kushoto kakosa asmini, la kulia kapata zote. Naomba mtuambie na kitu cha mwisho, tukisharudi Tanga tuangalie nini cha hatari, maana Dar ni mbali.

Tabibu_Pua

Nimefurahi sana kasaini, na hiyo ya tundu la kushoto mwambieni daktari kabla ya siku yenyewe iandikwe kwenye faili.

Vya kuangalia. Maji meupe mepesi yakidondoka puani hasa akiinama au akiamka asubuhi, au akihisi yanashuka kooni yana ladha ya chumvi, huenda si mafua, yanaweza kuwa maji ya ubongo, yakingeni kwenye kikopo safi mwende nayo hospitali siku hiyo hiyo. Homa na shingo kukakamaa, au kichwa kinachouma vibaya kuliko kawaida, hivyo hivyo, siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Macho yakipungua ghafla, usiku huo huo. Damu nyingi puani isiyokata, msisubiri. Mkojo mwingi kupita kiasi na kiu isiyoisha ni tezi imeyumba, na kwenye wiki ya kwanza mpaka ya pili akianza kichefuchefu, kuchanganyikiwa au kulala lala hovyo chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka, hiyo inapimwa kwa damu hata Tanga na inatibika, ila ikipuuzwa inaua. Kama amepewa vidonge vya haidrokotisoni, yaani homoni ambayo mwili unaikosa tezi ikiyumba, asiviache hata siku moja bila kuambiwa, na akitapika navyo aende apate sindano. Ombeni kabisa namba ya wodi kabla hamjaruhusiwa, na barua ya kutoka iandikwe wazi alizibwa kwa nini na kama kipande kilikatwa, ili daktari yeyote wa Tanga akimpokea usiku ajue asimtie mpira wa puani.